Nilimpeleka Mwanangu Gazetini kwa Mikono Yangu

Wiki iliyopita niliishia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kisu cha sabuni mkononi, mwanangu amelala mapajani. Namaanisha picha yake.

Kwa ambaye hakusoma, nitasema kwa kifupi. Mimi nauza sabuni ya mche. Naikata vipande, nafunga kwenye magazeti ya zamani ninayonunua kwa kilo. Shule nilifika darasa la saba, lakini magazeti nimesoma mengi kuliko wenye digrii, ila vipande vipande, habari nyingi hazina mwisho kwa sababu mwisho umeondoka na sabuni ya mtu.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa magari madogo ya abiria. Binti yetu, huyo huyo mmoja, ni konda wa magari hayo mwaka wa sita sasa. Kituoni wanamwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Mimi wananiita Mama Kengele.

Wakubwa wakaamua magari madogo yaondoke barabara kuu mwisho wa mwezi. Yanakuja mabasi makubwa ya kampuni moja. Kampuni ikasema itachukua baadhi ya makonda wa zamani, wale wasio na doa. Mwanangu akaitwa usaili. Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Jumamosi, siku tano kabla, gazeti likamtoa ukurasa wa mbele.

Halikuwa gazeti la kilo. Lilikuwa la siku ile ile, mteja alilisahau mezani kwangu. Picha yenyewe ilikuwa hivi: mzee mmoja, mguu mmoja chini, mwingine kwenye ngazi ya gari. Nyuma yake konda wa kike, mkono wa kulia uko mgongoni kwa mzee, mdomo wazi. Mkono wa kushoto wa konda umepita mbele ya uso wake mwenyewe, kiganja kimebandikwa kwenye bati la gari. Macho na pua havionekani.

Juu wameandika: UNYAMA BARABARANI. Chini: "Konda akimsukuma mzee kutoka kwenye gari linalotembea."

Mimi nilimjua kwa kovu la kiwiko. Alilipata kwenye jiko la mafuta akiwa na miaka minne. Kovu hilo nimelipaka dawa siku arobaini, nitalisahauje?

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni nilivyojimaliza.

* * *

Jioni ile nilimsikia anakuja. Mwanangu habishi hodi kwa vidole. Anabisha kama anavyobisha gari, kiganja cha wazi, mara moja. Pa!

Nikafungua. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Umeiona?"

"Nani hajaiona, mama? Taratibu ameibandika kwenye kioo cha mbele. Anasema sasa gari lina mtu maarufu."

Taratibu ni dereva wake. Alikuwa rafiki wa marehemu, ananiita shemeji. Jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kufanya kitu hicho maishani.

"Na wewe unacheka?"

"Nifanyeje? Nilie? Picha haina sura, haina jina. Wiki ijayo utafungia sabuni."

"Lakini ni uongo! Hiki si kiganja? Si ulikuwa unasimamisha gari?"

Niwaeleze hapa, maana ndicho kiini cha balaa lote. Konda haongei na dereva kwa mdomo, kelele ni nyingi. Anaongea kwa bati. Kiganja cha wazi mara moja ni simama. Ngumi mara mbili ni twende. Mtu asiyejua ataona mkono tu. Mimi, mke wa dereva, niliona neno. Mwanangu katika picha ile alikuwa anasema simama. Sasa gari limesimamishwa, linatembeaje tena?

Akaichukua picha. Akaiangalia. Akaiangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Kiganja ndicho hicho," akasema. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Liache. Mpaka Alhamisi ipite, usiongee na mtu."

Nikasema sawa.

Kina mama wenzangu, nilisema sawa kwa mdomo. Moyo ulikuwa umeshavaa viatu.

* * *

Jumatatu aliniachia bahasha. Fomu ya kampuni na picha nne za pasipoti. Nimpelekee katibu wa chama chao aweke sahihi, maana yeye yuko njiani kutwa.

Kutoka kwetu kwenda ofisi ya chama kuna njia mbili. Moja inapita kwenye jengo la gazeti. Miguu yangu ikachagua yenyewe.

Mlinzi akanisimamisha.

"Mama, una miadi na mtu?"

"Nina mwanangu."

"Anafanya kazi humu?"

"Hapana. Mmemfanyia kazi nyinyi."

Akanitazama, akaona heri anipitishe kuliko kukaa nami hapo mlangoni.

Aliyeniandikia mwanangu nilimtegemea mtu mwenye pembe. Kumbe binti, tena mdogo kwa wangu, miwani, sweta imetupwa kwenye kiti. Akanivutia kiti, akanipa maji, akaniita mama yangu. Mtu akikupa maji na kukuita mama yangu, kwisha habari yako.

Ukutani kwao walikuwa wamebandika picha zao za miezi ile. Nikazipitia nikisubiri. Mabasi mapya yote yalipigwa picha jua linawaka, mpiga picha amechuchumaa chini ili basi liwe refu. Binti aliyevaa tai anatabasamu mlangoni. Magari yetu yote yalipigwa picha siku ya mvua, matope mpaka madirishani, na kila konda ana mdomo wazi. Nani konda akafunga mdomo akapata abiria?

Nikaanza kumweleza habari ya kiganja. Akaacha kuandika.

"Subiri, mama yangu. Rudia hapo. Kwa hiyo hizo kelele za kugonga gari ni lugha?"

"Lugha kamili, mwanangu."

"Hebu nionyeshe."

Kulikuwa na kabati la bati pembeni. Nikasimama. Jamani, miaka kumi tangu mume wangu aondoke hakuna mtu aliyewahi kunikalisha akaniuliza kitu ninachokijua. Nikaona nimekuwa mwalimu.

"Hii ni simama." Pa! Vichwa vyote ofisini vikageuka.

"Hii ni twende." Du-du. Mkubwa wao akatoka chumbani na kikombe chake.

"Endelea, mama," akasema, akaegemea mlango.

Nikaendelea. Ukimkuta mtu mzima anasikilizwa na ofisi nzima, msamehe. Nikachukua ufunguo wangu wa nyumba.

"Na hii, ti-ti-ti, ufunguo au pete kwenye bati, hii ni wakaguzi wako mbele. Gari la mbele linapasha la nyuma, la nyuma linapasha lingine."

Wakacheka, wakapiga makofi. Nami nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe.

"Sasa mama yangu," binti akasema akiandika mbio, "una uhakika konda wa pichani ni binti yako?"

"Mimi ndiye niliyembeba."

"Jina lake kamili?"

Nikalitaja. La kwake, la baba yake, la babu yake. Nikalirudia ili asikosee herufi.

"Na wewe kama mzazi unaionaje kazi hii?"

"Ni ya shida. Nilimkataza, hakunisikia. Jioni sikai mpaka nisikie kiganja chake mlangoni."

"Una picha yake nzuri? Ili watu waone ni binti wa heshima."

Wasomaji, mimi bahasha nilikuwa nimeishika mkononi.

* * *

Jumanne asubuhi nilinunua gazeti kwa pesa ya sabuni ya kwanza. Nilitaka kulisoma nimesimama, nikalisoma nimekaa chini, vumbini, sikujua nimekaaje.

NI MWANANGU, MAMA AKIRI.

Chini ya maneno hayo mwanangu, amevaa shati jeupe, nywele amezichana kwa ajili ya usaili, anatazama mbele kama mfungwa. Pembeni yake wameweka tena picha ya Jumamosi. Jina lote, mpaka la babu.

"Nilimkataza, hakunisikia," wameandika, ndani ya alama za kunukuu. Ni maneno yangu. Na lile la jioni sikai? Limekuwa "Sikai kwa amani kwa sababu yake."

Halafu kuna kisanduku chenye rangi: LUGHA YA SIRI YA MAKONDA YAFICHULIWA. Simama, twende, na ya tatu. Ya tatu wameiandika kwa herufi nene.

Na kiganja? Kiganja kilikuwa mstari wa mwisho kabisa. "Mama huyo alidai kuwa gari lilikuwa limesimama."

Alidai. Nimefungia sabuni miaka kumi na neno hilo sikuwahi kulitilia maanani. Mkubwa wa kampuni akisema, ameeleza. Waziri akisema, amefafanua. Konda akisema, amejitetea. Mama wa konda akisema, amedai. Hebu chukua gazeti lolote hapo ulipo utazame kama nakudanganya.

Nikampigia yule binti.

"Mama yangu, pole. Kichwa cha habari siandiki mimi."

"Na ndani?"

"Ndani si ni maneno yako?"

Nikakata simu. Yalikuwa maneno yangu. Aliyechagua yapi yakae juu na yapi chini ni mtu mwingine, lakini mimi ndiye niliyempa gunia zima akachague.

* * *

Fomu bado ilikuwa kwangu, haina sahihi. Nikajifunga kanga vizuri nikaenda kituoni, kwa sababu chama kiko pale pale nyuma ya magari.

Nilipokata kona, nikasikia mtu anagonga bati kwa pete.

Ti-ti-ti.

Gari la pili likapokea. Ti-ti-ti. La tatu. Mlio ukapita kituo kizima mpaka mwisho, kisha ukarudi. Mimi nikasimama katikati nikitafuta wakaguzi wako wapi.

Halafu nikaona wote wananitazama mimi.

"Mkaguzi kafika!" mmoja akapaza sauti. "Ficheni makonda!"

"Karibu, mama mwandishi! Leo tunafichua nini?"

"Mama, mimi nina upele mgongoni, kawaambie na huo!"

Wanacheka, lakini meno yao hayakuwa ya kicheko. Niliwajua wengi tangu wakinunua sabuni ya kufulia sare zao. Nikapita katikati yao nikiwa nimeshika bahasha kifuani kama mtoto mchanga.

Katibu hakunikaribisha kiti. Ni mtu mnene, mpole siku zote, siku ile upole ulikuwa umekwenda likizo.

"Mama Kengele. Leo asubuhi peke yake magari manne yamekamatwa. Unajua yamekamatwaje? Wakaguzi hawakusimama barabarani. Walikaa kwenye kivuli wakasikiliza. Wakisikia ti-ti-ti wanajua gari linageuka wapi, wanakwenda kulingoja huko."

"Baba, mimi nilitaka kueleza kiganja tu."

"Kiganja kimoja. Ukawapa mkono mzima."

Akavuta fomu. Akahesabu picha.

"Ziko tatu. Wanataka nne."

Nikaifunga bahasha.

"Ya nne ikate gazetini," akasema mmoja dirishani, na kundi zima likaangua kicheko.

Katibu hakucheka. Akaweka sahihi, akapiga na muhuri, kwa nguvu.

"Nimesaini kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili yako. Sasa nisikilize. Kampuni imepiga simu. Usaili wa mwanao upo palepale, Alhamisi saa tatu. Lakini wamempelekea barua yule mzee wa pichani. Wanataka neno lake. Akisema hakusukumwa, gazeti litakuwa limesema uongo na binti atachukuliwa. Akisema alisukumwa, amekwisha. Kule hawamtaki, na hapa baada ya gazeti la leo hakuna dereva atakayekaa naye gari moja. Umenielewa?"

Nilielewa. Mtoto wangu alikuwa amebakiza mtu mmoja duniani, na mtu huyo simjui hata jina.

Nje nikamkuta Taratibu ameegemea gari lake. Picha kwenye kioo alikuwa ameibandua. Gundi imebaki.

"Shemeji."

"Usinianze na wewe."

"Sikuanzi. Ungeniuliza tu."

"Nikuulize nini?"

Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. "Ungeniuliza tu, shemeji, kabla hujaenda huko."

"Mzee yule anakaa wapi?"

Akaufunga mlango. "Ni fundi saa. Kibanda chake kiko karibu na mzunguko wa barabara, nyuma ya wauza vioo. Lakini shemeji, mwambie kwanza mtoto."

Sikumwambia mtoto. Mtoto alirudi jioni ile hakubisha hata hodi. Aliingia kama mpangaji. Akavua viatu, akavipanga, akalala ameelekea ukuta.

"Kengele," nikamwita. Kwa jina la kituoni, sijui kwa nini.

"Nilikuomba kitu kimoja, mama."

Hakuongeza. Ningefurahi kama angenitukana.

* * *

Jumatano saa nne nikafika nyuma ya wauza vioo. Kibanda cha fundi saa ni cha bati tupu, mlango bati, ukuta bati, na lenzi ya fundi ya jichoni imening'inia shingoni kwake kwa uzi. Ndani saa hamsini zinatembea, hakuna mbili zinazokubaliana. Kwa mtu asiyetulia kama mimi ilikuwa kama kuingia ndani ya kifua changu mwenyewe.

Ni yeye. Mzee wa pichani. Mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kopo la rangi, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Saa yako ina nini?"

"Sina saa. Mimi ni mama yake yule konda."

Akaiweka chini saa aliyoshika. Polepole, kana kwamba ina mtoto ndani.

"Aa. Yule mama wa kabati."

Kumbe na kabati lilikuwa gazetini. Hiyo sikuiona.

Nikapiga magoti palepale. Nikamweleza kila kitu, usaili, kampuni, barua. Akanyanyua karatasi kutoka chini ya kopo la mafuta.

"Barua hii hapa. Kijana wa pikipiki alinisomea, na gazeti pia. Tena anarudi saa sita kuchukua jibu, maana kwa goti hili sifiki kwao. Unajua, mwanangu, nimetoka gazetini mara mbili wiki hii na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Sura ni yangu, mgongo ni wangu, ila habari wanayo wao."

"Ndiyo maana nimekuja mimi kukuuliza, baba. Gari lilikuwa linatembea?"

"Halikuwa linatembea. Lilikuwa limesimama kabisa. Hapo gazeti limesema uongo."

Jamani! Nilipiga makofi. Nilitaka kumkumbatia na goti lake. Kiganja changu kimeshinda, nikasema moyoni, kiganja kimeshinda gazeti zima.

"Nilijua! Nilijua mwanangu hawezi kumsukuma mzee!"

"Alinisukuma," akasema.

Saa zikaendelea kugonga.

"Alinisukuma, mwanangu. Hapo gazeti halikusema uongo. Tulifika mzunguko, na siku hizi, hata kabla mwezi haujaisha, magari madogo hayaruhusiwi kuuvuka. Wakatuambia tushuke wote. Wenzangu wakashuka. Mimi nikagoma. Nilipanda mpaka mwisho wa njia, na mfuko wangu ulikuwa na saa ya ukutani ya mtu, nitembee nayo vipi? Binti akanibembeleza. Baba shuka, wakaguzi wanakuja, watachukua gari. Mara ya pili, baba nakuomba. Nikasikia gari la mbele linagonga ule mlio wenu wa ufunguo. Yeye akapiga kiganja, dereva asiondoke na miguu yangu. Halafu nikausikia mkono mgongoni."

"Kwa nguvu?"

"Si nguvu ya kuumiza mtu. Nguvu ya mtu anayeogopa. Nikaangukia goti, kioo cha saa kikavunjika. Goti litapona, na kioo kiko hapo kwa jirani. Ila alipiga ngumi mbili, gari likaondoka, na hakugeuka. Nilikaa chini nikilitazama mpaka likaisha. Nilitaka ageuke tu."

Hapo ndipo kila kitu kilinirudia kwa pamoja. Picha alivyoitazama muda mrefu. Kiganja ndicho hicho, alisema. Kiganja tu. Mkono wa kulia hakuutaja. Taratibu na mlango wake, ungeniuliza tu.

Wiki ile niliongea na mlinzi, na mwandishi, na mkubwa wake, na katibu, na kituo kizima. Nilieleza picha ile kwa watu wasioijua mpaka sauti ikakauka. Mtu mmoja tu sikumuuliza alifanya nini. Nilimwambia mimi alichofanya, kisha nikaenda kukitangaza.

Mwenye mtoto anisikie hapa hata kama mengine hakunisikia. Muulize. Kabla hujamtetea, muulize, halafu unyamaze usikie.

Lakini siku ile sikuwa na akili hii ninayowaandikia nayo leo. Siku ile nilikuwa na saa moja na nusu kabla ya kijana wa pikipiki.

"Baba," nikasema. "Sema hakukusukuma."

"Unanituma uongo, mwanangu? Kwa umri huu?"

"Gazeti limedanganya nusu. Na wewe danganya nusu, mambo yawe sawa."

Akacheka kidogo, bila kutaka. Kisha akanitazama kwa muda, nikajua ananitazama kama anavyotazama saa mbovu, anatafuta ni wapi panapokwama.

"Ana watoto?"

"Hana. Ana mimi."

"Ni mzigo huo," akasema. Akasukuma barua upande wangu, na kalamu juu yake. "Mimi shule yangu ilikuwa namba. Moja mpaka kumi na mbili, nikapata kazi. Herufi hazikunikuta. Wewe ndiye unayejua kuandika, si ndiyo? Andika hapo chini unachotaka mimi niwe nimesema. Nitaweka dole gumba. Ila sitasomewa. Utakachoandika ni chako, ulale nacho wewe."

Kalamu ilikuwa ya wino, imeliwa mwishoni. Mkono wangu ulikuwa unanuka sabuni. Neno lenyewe, wasomaji, ni moja tu. Hakunisukuma. Mtoto wa darasa la pili analiandika.

Nikaweka H. Nikaweka a. Nikajiambia ni kwa ajili yake. Nikafika k, nikafika u. Fundi alikuwa ameshafungua kikopo cha wino, ameweka dole gumba tayari, ametazama pembeni kunipa heshima yangu.

Nilikuwa nimemaliza herufi ya sita wakati mlango wa bati nyuma yangu ulipopigwa.

Haukupigwa kwa vidole, wala kwa ngumi.

Kiganja cha wazi. Mara moja.